Gharama za Murugi

Wangechi alirudi kutoka soko la Karatina Jumamosi ile na kikapu cha karoti zilizokosa mnunuzi, akakuta wanaume watano wameketi nyumbani kwake. Walikuwa wamekalia viti vyake vyote, hata kile kibovu cha karibu na dirisha ambacho yeye huwakataza wageni. Chai ilikwisha kunywewa. Kaka yake Ngatia, ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya ua, ndiye aliyewafungulia mlango. Alichukua sufuria ya Wangechi, sukari yake na maziwa aliyokuwa amemwekea mteja, akamwambia mkewe awapikie.

"Umekuja wakati mzuri," Ngatia alimwambia kabla hajatua kikapu. "Ongeza chai. Baba Murugi amekuja."

Wangechi alimtazama mwanamume aliyeketi katikati, mwenye koti la kijivu na kofia juu ya goti. Simeon alikuwa amenenepa. Mara ya mwisho kumwona ana kwa ana ilikuwa kortini Nyeri, Murugi akiwa bado anabebwa mgongoni, siku hakimu alipomwamuru atoe shilingi arobaini kila mwezi za kumtunza mtoto ambaye mamake hakutaka kumwoa. Alitoa miezi michache. Baadaye ikawa hakuna pesa mpaka askari amfuate Nanyuki, na sheria yenyewe ilipofutwa bungeni mwaka wa sitini na tisa, alimtuma mtu amwambie Wangechi kwamba sasa aende akamshtaki kwa Mungu.

Huu ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Murugi alikuwa muuguzi mwenye kofia nyeupe na mshahara, na mwalimu mmoja kijana wa Kangema, jina lake Theuri, alikuwa ametuma watu kusema anataka kumwoa. Ndipo Simeon alipoikumbuka njia ya Karatina.

Wangechi hakuongeza chai. Aligeuza debe la mahindi, akaketi juu yake karibu na mlango, kama aliyekuja kuomba kazi katika nyumba hiyo.

Mzee mmoja wa ukoo, aliyeletwa ili mambo yaonekane ya heshima, ndiye aliyesema. Alisema kwa upole na kwa urefu. Mahari haipokewi na mwanamke. Watu wa Kangema wangetaka kujua wanaoa kwa nani, na aibu ingekuwa ya kila mtu kama wangeambiwa hapa hakuna baba. Kwa bahati nzuri baba amejitokeza. Mbuzi na pesa zitapelekwa kwake, Ngatia atapata fungu lake kama mjomba, na msichana ataolewa kama wasichana wengine. Hata hivyo, mzee aliendelea, haingekuwa haki Simeon achukue bure mtoto ambaye hakumlea. Kwa hivyo walikuwa wamekubaliana, kabla Wangechi hajafika, kwamba amrudishie mama gharama za ulezi. Kilichobaki ni mama kuzitaja.

"Taja tu," mzee alisema. "Ulitumia pesa ngapi kwa huyu mtoto?"

Wangechi alidhani wanamchezea. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akaona wanangoja kweli, kama watu waliouliza bei ya gunia la viazi.

"Nianzie wapi?" aliuliza. "Nepi pia?"

Mmoja wao alicheka. Simeon hakucheka. Alisema mtoto wa kike hali sana, na tena mboga Wangechi alikuwa akilima mwenyewe, hakununua, na maji ni ya mto. Yeye kwa upande wake alikuwa amefikiria elfu mbili, pamoja na blanketi.

Hapo Wangechi alianza kusema, na alipoanza hakujua kusimama. Alisema juu ya surua, na wadi ambayo mama hulala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto. Alisema juu ya ng'ombe wa kwanza, aliyeuzwa kwa karo ya kidato cha kwanza, na wa pili aliyeuzwa kwa sababu shule ilidai pesa za jengo, na jengo lenyewe halikufika hata kwenye madirisha. Aliwauliza kama wanajua miguu ya msichana hukua namna gani, kwamba viatu vya Januari humbana Agosti, na kwamba mtoto hawezi kuambiwa angoje mpaka karoti zipande bei. Aliwaambia jinsi mwalimu mkuu alivyomweka kwenye ngazi za ofisi mpaka saa za chakula, wazazi wengine wakimruka na mikoba yao, kwa sababu karo ilipungua shilingi sitini. Kisha uuguzi, na sare za uuguzi, na saa ya kubandika kifuani ambayo walisema mwanafunzi hawezi kuanza bila hiyo.

"Sasa nyinyi mtoe jumla," alisema.

Mzee aliomba kwa heshima wasirudi nyuma sana, ataje kiasi kimoja tu wamalize. Wangechi akasema elfu arobaini, si kwa kuwa alikuwa amepiga hesabu, bali kwa kuwa ndiyo idadi kubwa zaidi aliyoweza kuitamka bila kutetemeka.

Ngatia alicheka peke yake. Alitarajia Simeon akasirike, lakini Simeon aliipangusa kofia yake polepole, akasema sawa, ni haki ya mama. Tatizo ni kwamba hakuwa na pesa mkononi kwa sasa. Lori lake lilikuwa gereji tangu Oktoba.

"Lakini watu wa Kangema wakileta," alisema, "nitakukatia hapo hapo. Siwezi kukunyima."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ilionekana kwao ni jambo la busara.

"Yaani utanilipa kwa mtoto wangu mwenyewe," Wangechi alisema.

"Pesa ni pesa, Mama Murugi."

Wangechi alisimama, akaanza kukusanya vikombe, hata kile ambacho mzee alikuwa bado ameshika. Alisema anataka kupika na nyumba ni ndogo. Wakatoka mmoja mmoja, wakiinamisha vichwa mlangoni. Ngatia alibaki nyuma kidogo amwambie bila kelele kwamba robo eka hii ni ya baba yao, kwamba dada asiyeolewa hupewa mahali pa kulima kwa huruma tu, na kwamba huruma ya mtu inaweza kuchoka.

*

Murugi alikuja Jumapili alipotoka zamu. Alikuwa amepewa kazi katika kituo cha afya Nanyuki, na kwa jinsi alivyoingia akiwa kimya, akivua viatu taratibu, Wangechi alijua kwamba habari hizi hazikuwa mpya kwake.

"Ulijua anakuja," alimwambia.

Murugi alijua. Yeye ndiye aliyemwita. Mwezi wa Juni mzee mmoja alikuja kupimwa presha, Murugi akaita jina lake dirishani, akajikuta anamtazama mtu mwenye paji la uso kama lake. Hakumficha yeye ni nani. Simeon alimngoja saa ya chakula, akampeleka hoteli.

"Alininunulia nyama choma na chipsi," Murugi alisema. "Aliniuliza kama nimeshiba."

Wangechi alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua. "Mimi sijawahi kukuuliza kama umeshiba?"

"Wewe mami ulikuwa unaniambia nishibe."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilimchoma zaidi kuliko maneno yote ya wanaume wale. Miaka yote hiyo hakuwa na nafasi ya kuuliza. Chakula kilipokuwa kidogo alimwambia mtoto amalize alale, na yeye mwenyewe akanywa chai ya rangi akisema sokoni alikula. Sasa mtu alikuwa amekuja na sahani moja, sahani moja tu katika miaka ishirini na miwili, akaitwa baba.

Murugi alimsihi amwache Simeon achukue mahari, mambo yaishe. Hakuna anayesema si mamake aliyemlea. Ila yeye Murugi alikuwa amehudhuria harusi za wenzake wote, na kila mmoja aliingia kanisani ameshikwa mkono na baba yake, naye alikuwa amechoka kuulizwa baba yake yuko wapi, na kujibu kwamba yuko safarini.

"Mjomba Ngatia si yuko?"

"Ananuka tumbaku. Na hanipendi."

"Basi mimi nitakushika mkono."

"Ati wewe?" Murugi alisema, si kwa ubaya. "Watu watacheka, mami."

Wangechi aliinua ungo, akapeperusha maganda nje. Alitaka kumpiga, na alitaka kumlisha. Mwishowe alimwekea viazi na nyama kidogo aliyokuwa ameiweka kwa ajili yake, akakaa akimtazama anavyokula. Kabla ya kuondoka Murugi alikumbuka, huku akitazama chini, kwamba fundi wa gauni huko Nyeri alikuwa anataka nusu ya pesa kabla ya kukata kitambaa, na mshahara ulikuwa umecheleweshwa. Wangechi alifungua kitambaa cha pesa kiunoni, akampa.

*

Jumatano hakwenda sokoni. Alipanda gari la asubuhi mpaka Murang'a, akabadilisha, akafika Kangema jua likiwa limetoka lakini majani ya chai bado yana umande. Aliuliza ni wapi kwa kina Theuri, akaonyeshwa mteremko. Mama Theuri, mwanamke mrefu aitwaye Wacera, alikuwa katikati ya michai na kikapu mgongoni, amevaa plastiki ya gunia la mbolea kama aproni. Walikuwa wameonana mara moja tu, watu walipokuja kubisha mlango Karatina kuleta posa.

Wacera alitaka kuacha kazi ampeleke nyumbani, apike. Wangechi alikataa. Aliomba aendelee tu kuchuma, kwa kuwa alichotaka kusema ni rahisi zaidi kukisema mtu akiwa na kazi mikononi, na yeye mwenyewe alianza kuchuma upande wa pili wa mstari. Alimweleza yote: Simeon, elfu mbili na blanketi, lori lililo gereji. Alisema hakuja kuongeza bei. Alikuja kuomba wasilete chochote kwa mtu yule. Kama ni lazima waoe kwa Simeon, basi waoe bila yeye Wangechi kuwapo.

Wacera alitupa konzi ya majani kikapuni mgongoni. Kisha alisema kitu ambacho Wangechi hakukitegemea.

"Hata sisi hatuna."

Pesa walizotaka kuleta, alieleza, zilikuwa za kukopa. Walikuwa wameahidi chama cha ushirika malipo yao ya mwisho ya chai, malipo ambayo bado hawajayaona. Theuri alikuwa na mshahara wa ualimu, ndiyo, lakini mshahara ule haukuwahi kupanda ule mteremko.

"Nilidhani nimemaliza kumlea," Wacera alisema. "Alipoenda chuo nikasema, sasa nimemaliza. Akapewa kazi, nikasema, basi sasa. Mwezi jana amekuja hapa na tabasamu, nikajua. Anataka suti. Ati suti ya kununua tayari haitoshi, lazima apimwe."

"Na ukampa."

"Nimeuza mbuzi. Angeoa na shati?"

Wangechi alicheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi, kicheko cha kuudhika zaidi ya cha furaha, na Wacera akacheka naye. Walimaliza mstari ule. Nyumbani, mume wa Wacera, mzee mpole aliyekuwa akirekebisha jembe, aliwasikiliza wote wawili na hakuonekana mwenye huzuni hata kidogo kusikia kwamba huenda mkopo usichukuliwe. Aliuliza tu watawaambia nini wale wazee, maana mtu hawezi kusimama mbele za watu akasema hatoi mahari.

"Hatukatai," Wacera alimwambia. "Mahari si kitu cha siku moja. Kuna watu hapa wanamalizia ya nyanya zao. Tutasema tunaleta. Watoto wakishasimama, tutaleta, na tutaleta kwa mlango wa huyu mama. Kwa sasa tunakubali deni, basi."

"Na huyo baba akidai?"

"Ataanza kudai. Atangoja vile watu wengine wanangoja."

*

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Kangema walikuja Karatina mwishoni mwa Novemba wakiwa na mikate, sukari na kondoo mmoja wa kuonyesha heshima. Simeon aliketi kwenye kiti cha katikati. Baba Theuri alisimama na kofia mkononi, akaeleza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba wameikubali mahari yote kama ilivyotajwa, hawapunguzi hata shilingi, na kwamba wataileta. Simeon aliuliza lini. Mungu akijalia, alijibu mzee yule. Simeon aliuliza tena kama hakuna hata kidogo cha kuanzia, na mzee wa ukoo, ambaye alijua adabu, akamkumbusha kwamba si vizuri baba kuonekana ana njaa.

Wangechi alikuwa jikoni akimenya viazi. Alisikia yote. Hakusikia furaha kama alivyotarajia, ila uchovu tu, na kisu kilikuwa butu.

Ngatia alielewa mara moja kwamba fungu lake limepotea, na kwamba dada yake alikuwa na mkono humo. Juma lililofuata Wangechi aliamka akakuta Ngatia amepanda nyasi za ng'ombe kwenye kipande cha juu cha shamba, pale karoti zake zilipokuwa zimeanza kutoa majani. Zilikuwa zimelimwa pamoja na udongo. Alisimama pale kwa muda na jembe lake. Angeweza kwenda kwa chifu, lakini kwa chifu pia kuna wazee na viti, na kuna chai ya kuongezwa. Alichagua karoti ndogo zilizobaki juu ya udongo, akawapelekea sungura wake.

Harusi ilikuwa Desemba. Simeon alikuja, kwa sababu alikuwa ameshatangaza Nanyuki nzima na kwa sababu Murugi alimwomba. Alikuwa ameahidi fahali. Alileta kreti mbili za soda, akamwagiza mtu ahesabu chupa ili zirudi. Nusu fahali iliyoliwa ilikuwa ya Wangechi, mchele pia, na hema lilikodiwa kwa pesa zilizobaki za ndama aliyemuuza. Mtu wa kupika aliishiwa na chumvi, kwa hivyo Wangechi hakuona vizuri binti yake akiingia kanisani. Alifika mlangoni anahema, akaona mgongo wa gauni jeupe na mgongo wa koti la kijivu, ukienda mbele kwa mwendo wa mtu aliyezoea.

Baada ya chakula Simeon aliomba kusema. Alisema vizuri, ilikuwa lazima kukubali. Aliwaambia watu kwamba kulea mtoto si mchezo, kwamba wazazi wa siku hizi wanafikiri ni chakula tu, lakini yeye anajua taabu ya karo na taabu ya magonjwa. Watu walitikisa vichwa kukubali. Wangechi alikuwa amesimama nyuma ya sufuria na mwiko mkononi, na mwanamke aliyekuwa karibu naye, asiyemjua, akamnong'oneza kwamba huyo ni mzazi kweli.

"Huyu msichana wangu," Simeon alisema, "alizaliwa na Uhuru. Sisi tunapandisha bendera, yeye analia. Kwa hivyo ni mtoto wa Uhuru."

Watu walipiga makofi kwa ajili ya Uhuru. Murugi alikuwa amezaliwa mwaka wa sitini na moja, Machi, wakati wa mvua, zaidi ya miaka miwili kabla ya bendera ile, na kila aliyewahi kuandika karatasi zake alijua hivyo. Pale meza ya juu aliacha kutabasamu. Aliinua uso, akaanza kutafuta juu ya vichwa vya watu, meza hadi meza, mpaka akamwona mamake kwenye moshi. Walitazamana. Wangechi aliinua mwiko kidogo, ishara ya kumwambia aketi sawa, watu wanamwangalia. Murugi hakutii. Aliendelea kumtazama mpaka makofi yakaisha.

Jioni, gari la Kangema lilipokuwa linawashwa, Murugi alitoka upande wa bwana harusi, gauni likiburuta kwenye matope, akaja mpaka kwenye masufuria.

"Umekula, mami?"

"Nitakula."

"Sikuuliza hivyo."

Alichukua sahani, akapakua mwenyewe nyama na wali uliobaki chini, akasimama pale na shela lake mpaka mamake alipotia tonge la tatu mdomoni. Kisha akaenda.

*

Baada ya mwaka mpya Moffat, mpiga picha aliyekuwa na chumba karibu na stendi ya Karatina, alimfuata Wangechi sokoni. Alikuwa na bahasha kubwa. Picha za harusi zilikwishalipwa na Theuri, alisema, lakini kulikuwa na tatu za ziada, kubwa, ambazo mzee yule wa Nanyuki aliziagiza siku ile ili azitundike dukani kwake. Shilingi hamsini kila moja.

"Alisema nikuletee wewe," Moffat alisema. "Ati wewe ndiye utalipa, mtasawazisha baadaye."

Wangechi alijifuta mikono kwa leso, akatoa picha. Simeon alikuwa amesimama na koti lake, kidevu juu, na Murugi ameshika mkono wake, mzuri hata mtu akashindwa kupumua. Wanunuzi wawili walisimama nyuma wakachungulia. Mmoja aliuliza bei ya karoti, na Wangechi akamwashiria angoje.

Alitazama picha ile kwa muda mrefu. Alijua Murugi angeitaka. Si leo, labda, lakini siku moja angekuwa na watoto, na watoto wangeuliza. Alifungua kitambaa kiunoni, akahesabu noti na sarafu mpaka shilingi hamsini zikatimia, akamwekea Moffat kiganjani. Picha moja aliiweka kwenye kikapu, chini ya karatasi, mahali pasipo na udongo. Mbili akazirudisha ndani ya bahasha.

"Hizi mpelekee yeye Nanyuki," alisema. "Na nauli umwambie alipe huko huko."

Moffat aliipima bahasha mkononi bila furaha. Alikuwa kijana wa biashara na Nanyuki si karibu. "Na asipolipa?"

"Asipolipa," Wangechi alisema, akigeukia mteja wake, "tutakuwa wawili."